Mayai ya Ndara Juu ya Springi Mbili

Kijiwe chetu kiko Voi, upande wa chini wa soko, mbele ya kibanda cha Kitheka fundi baiskeli. Benchi lenyewe ni kiti cha nyuma cha gari fulani lililokufa zamani, nami ndiye niliyekivisha ngozi nyekundu, kwa sababu kazi yangu ni masofa. Ndiyo maana hapa hakuna anayeniita Sylus, naitwa Godoro. Kitheka tunamwita Spoki, kwa kazi yake na kwa miguu yake myembamba pia. Maxwell ni dereva wa lori la masafa marefu, jina lake Trela, na gari lake likikosa mzigo yeye hupata nafasi ya kutushauri sote kuhusu kila kitu. Kahawa ni ya Mzee Obadiah. Alifanya kazi ya ishara za reli mpaka akastaafu, kwa hiyo ni Signo, na hukumiminia kikombe pale tu maneno yako yanapomfurahisha. Asubuhi hiyo tulikuwa tunabishana kama mbuzi wa siku hizi ni wadogo kuliko wa zamani, Tryphena akatokea akiisukuma baiskeli yake kama mtu anayesindikiza mgonjwa.

Tryphena tunamfahamu. Alikuwa mapokezi kwenye loji moja huko mbugani mpaka ikafungwa, akarudi mjini, akanunua mashine ya kuangulia mayai. Alielewana na akina mama wa kijiji cha Ndara: wampe mayai ya kienyeji, awarudishie vifaranga. Kule kuku akikalia mayai mwenyewe, kenge huja akayala yote, na shamba nalo ndovu hawalibakizi. Kuku ndio waliobaki.

Akaiegemeza baiskeli kwenye nguzo, akaketi karibu na Signo.

— Mzee, nipe ya tangawizi. Na usiniulize kitu.

— Sijauliza, akasema Signo. Lakini mashine imekataa tena?

— Mashine iko sawa. Mayai ndiyo yamekufa. Nimeyamulika na tochi, ndani kuna pete ya damu tu. Yalianza, yakaacha.

— Trei yote? nikauliza.

— Karibu yote. Hii ni mara ya pili, Godoro. Mara ya kwanza niliyaleta na bodaboda, nikasema ni kurushwarushwa. Nikaenda Mombasa nikatafuta hii baiskeli ya springi mbele na nyuma. Ninakaa juu yake kama niko kitandani. Na mayai yamekufa mengi kuliko yale ya bodaboda!

Tukaigeukia baiskeli. Ilikuwa nzuri, ya mtumba lakini nzuri: miguu miwili ya springi mbele, na katikati ya fremu shokamzoba fupi iliyolala kama pampu. Gurudumu la nyuma lilishikwa na mkono wake wa chuma, unaopanda na kushuka, na shokamzoba ndiyo iliyokaa kati ya mkono huo na fremu. Nyuma alikuwa amefungiwa keria ya chuma ya kubebea mzigo.

Trela alikuwa wa kwanza, kama kawaida.

— Shokamzoba imeishiwa na upepo. Mimi trela yangu ikipoteza upepo, hata viazi vinafika vimepondeka.

— Haijaishiwa, Tryphena akasema. Ikalie uone.

— Basi ni laini mno, akasema Signo. Inayumba. Yai likiyumba sana linapata kichefuchefu. Mimi nimeona abiria wakipata, tena kwa reli iliyonyooka.

— Yai halina tumbo, Mzee.

— Litapata tumbo vipi kama linatapika mapema?

Mimi nikatetea godoro. Nilisema tuweke sponji nene chini ya trei, ile ngumu, siyo ya kulalia. Spoki akasema sponji peke yake itayarusha juu kama watoto kitandani. Trela akasema labda ni harufu ya grisi. Signo akasema labda mayai ya Ndara hayapendi mji.

Tryphena alikuwa hatusikilizi tena. Alipanda baiskeli na kikombe chake mkononi.

— Hebu nisukumeni hapo kwenye mawe ya mtaro. Mnione. Mimi sisikii kitu kabisa!

Trela akaona mahali pa kuwekea kikombe chake ili apate mikono yote miwili, akakiweka juu ya keria. Tukasukuma. Gurudumu la nyuma likapanda jiwe, likashuka, likapanda jingine. Kahawa ya Tryphena ilitikisika ikatulia. Kikombe cha Trela kiliruka hewani kikamwagika chote kwenye suruali ya Spoki.

— Kahawa yangu! Trela akapiga kelele.

— Nyamazeni kwanza, akasema Tryphena. Rudini. Tena.

Signo, ambaye hajawahi kumpa mtu kahawa ya kumwaga, alijaza kikombe cha pili mwenyewe. Tukarudia. Cha mkononi kikabaki, cha nyuma kikaenda. Tryphena akashuka, akapiga magoti kwenye vumbi, akaishika keria mahali ilipofungwa, kisha akafuata chuma kwa kidole taratibu.

— Spoki. Hii keria imeshikwa wapi?

Spoki aliinama. Akazigusa skrubu zake mwenyewe, moja moja.

— Imeshikwa kwa mkono wa gurudumu, akasema mwishowe. Mimi ndiye niliyeifunga. Ndipo palipokuwa na matundu.

— Na shokamzoba iko juu ya huo mkono ama chini yake?

— Juu. Inakubeba wewe. Keria iko upande wa gurudumu.

— Kwa hivyo mimi nimekaa kwa sofa, na mayai yamekaa kwa jiwe.

— Hata bodaboda, akasema Trela polepole, angalau mayai yanakalia kiti, na kiti kinakalia springi.

Spoki alikuwa amevua kofia.

— Dada, nisamehe. Mimi niliona keria, sikuona mayai.

— Hata mimi sikuona, Tryphena akasema, na usoni alikuwa na furaha ya ajabu kwa mtu aliyepoteza trei mbili. Sasa tunajua. Itoe.

Hiyo ndiyo siku kijiwe kilipogeuka karakana. Spoki aliing'oa keria, akachomelea nyingine iliyoshika bomba la kiti, na chini yake akaweka mikono miwili iliyofika kwenye fremu, upande usiochezacheza. Alibadilisha tairi za nyuma na mbele akaweka pana zaidi, akazipunguzia upepo mpaka zikabonyea kwa gumba. Mimi nilishona kitanda cha trei: sponji ngumu chini, mikanda ya mpira pembeni. Signo alitoa beseni dogo la kuoshea vikombe, tukalijaza maji, tukalifunga juu ya keria kuwa mayai yetu ya majaribio.

Shida ikawa mzigo umehamia kwenye shokamzoba. Tryphena akikaa, na beseni nyuma, ilididimia mpaka mwisho, ikagonga tok! kama mlango. Ilihitaji upepo zaidi, na pampu ya Spoki haikuwa na nguvu hiyo. Trela aliipeleka kwa wale wa kompresa za malori.

Aliirudisha ngumu kama nguzo.

— Sasa hii imeshiba, akasema kwa fahari.

Tryphena alipita nayo juu ya mtaro na maji yakamrukia mgongoni. Akafungua upepo kidogo, ikalala tena. Akarudi kwa kompresa. Akarudi kwetu. Tulikuwa tunabahatisha kama watu wanaotia chumvi gizani, na mayai yalikuwa bado hata hayajaombwa.

Hapo ndipo nilipopata neno moja la maana mwaka huo. Nilikata uzi wangu wa kushonea ngozi, nikaufunga kwenye ule mti unaong'aa wa shokamzoba, chini kabisa.

— Kaa taratibu, nikamwambia. Sasa shuka.

Uzi ulikuwa umesukumwa, ukabaki pale mti ulipozama. Tukaona kwa macho yetu inalala kiasi gani akiikalia tu, na inafika wapi akipita kwenye mawe. Tryphena akafurahi kama mtu aliyepewa macho mapya. Akawa anapunguza upepo kidogo, anapanda, anashuka, anasoma uzi. Akiikalia tu, izame robo. Akipita mtaroni, isifike mwisho.

— Godoro, Signo akasema, njoo uchukue kahawa.

Lakini maji bado yalimwagika, na sasa yalimwagika kwa namna nyingine. Gurudumu lilipanda jiwe vizuri, beseni likatulia. Halafu baada ya jiwe kupita, kiti kikaruka juu chenyewe na maji yakatoka. Lile jiwe lilisamehe, springi ndiyo iliyokataa. Ndipo Tryphena alipoona, kwenye ubavu wa shokamzoba, kidude chekundu cha kuzungusha. Upande mmoja kimechorwa sungura, upande mwingine kobe.

— Hii ni nini?

— Chapa ya kiwanda, akasema Spoki.

— Si chapa, akasema Trela. Ni gia. Sungura ni mteremko, kobe ni mlima.

— Ni uzito wa mwenye baiskeli, nikasema. Mwepesi aweke sungura. Wewe Trela ungehitaji kiboko.

Signo alivaa miwani yake, akachungulia sana.

— Hilo ni onyo. Kule baiskeli hizi zinakotoka, hao wawili wanavuka barabara. Sisi tungechora ndovu.

— Onyo gani la kuzungusha, Mzee?

— Basi kiwanda kilikuwa cha ndugu wawili, mmoja mvivu. Waligombana, kila mmoja akataka jina lake.

— Na wakaliweka kwenye skrubu?

— Urithi ni urithi.

Trela hakutaka kushindwa. Alisema upande wa kobe ni wa bima: ukianguka ukiwa umeweka sungura, hulipwi. Spoki akasema amesikia kitu kama hicho. Alikuwa hajasikia.

Tryphena alikizungusha mpaka kwa sungura, akakandamiza kiti kwa mikono miwili, akaachia. Kikaruka pap. Akazungusha mpaka kwa kobe, akakandamiza, akaachia. Kiti kikapanda polepole, kama mtu mzima anayeinuka kanisani.

Tuliangaliana.

— Tena, nikasema.

Alirudia. Kisha Spoki akataka kujaribu, kisha Trela, kisha Signo akaacha birika akaja naye akandamize. Mchana mzima ulipita hivyo, wanaume wazima wanne na mwanamke mmoja wakikandamiza kiti cha baiskeli na kukiangalia kikipanda. Tuligundua kwamba kobe kabisa pia ni kosa: mawe yakifuatana, kiti hakipati nafasi ya kurudi, kinazama kidogo kidogo mpaka kinagonga. Tryphena alikiacha kidude karibu na kobe, siyo kwa kobe mwenyewe. Akapita mtaroni na beseni. Maji yaliinama huku, yakainama kule, yakabaki.

Kesho yake alfajiri akaenda Ndara.

Alirudi jua likiwa kali, hatukumwuliza lolote mpaka akaketi. Trei mbili zilikuwa nyuma, zimefunikwa kwa leso.

— Wamekupa? Spoki akauliza.

— Mmoja alikataa kwanza. Mama Wakesho. Ndiye mwenye yule kuku wa madoa, mayai yake ndiyo niliyopoteza mara zote mbili. Akaniambia, mwanangu, mara ya kwanza nilikupa, mara ya pili nikakupa, na kuku wangu anazunguka akilia anatafuta. Sasa nitawakaangia wajukuu. Na wale wengine wote walikuwa wanamwangalia yeye.

— Ukamwambiaje?

— Ningemwambia nini? Niliomba maji kwa sufuria. Nikafunga juu ya keria, nikamwambia aisukume mwenyewe, mahali popote anapotaka. Akachagua kwenye mawe ya zizi! Akaenda akarudi. Akaangalia sufuria, maji yote yamo. Akaingia ndani, akatoka na mayai kwa kanga.

— Vizuri! Trela akapiga paja.

— Ngoja. Nikiwa njiani narudi, pale karibu na lile dimbwi la ng'ombe, ndovu. Wamejaa barabarani, mama na watoto. Nikangoja. Wakawa hawana haraka. Nikaona mmoja amegeuka ananitazama, masikio amefungua. Basi nikaiteremsha kwenye laga.

Laga ni mto usio na maji, na kingo zake huwa wima. Signo aliweka birika chini.

— Uliteremka umepanda?

— Kushuka na miguu ningeanguka nayo. Nilipanda, nikarudisha mwili nyuma, nikashikilia breki zote. Mbele ikazama, ikanibeba. Nyuma ikazama. Chini kabisa kuna mzizi, na hapo nikasikia tok.

Tok hiyo kila mmoja wetu aliisikia moyoni. Spoki alienda kuangalia uzi: ulikuwa umesukumwa mpaka mwisho wa mti.

— Yamevunjika mangapi? nikauliza.

— Nilikaa kwenye mchanga nikaogopa kufungua. Halafu nikafungua. Hakuna hata moja.

Tukashangilia, lakini yeye hakushangilia.

— Ganda siyo kitu. Hata yale ya mwanzo hayakuvunjika. Ndani ndiyo sijui. Ile tok ilikuwa moja tu. Moja inatosha kuua?

Tryphena aliyaweka mayai yatulie kwanza, ncha chini, kisha akayaingiza kwenye mashine. Siku zile kijiwe kilipoa. Watu walikuja kuzungumza habari za kaunti na za mpira, tukawajibu nusunusu. Spoki alilaumu kile kidude chekundu: alisema angekisogeza kwa sungura kidogo, springi ingewahi kurudi kabla ya ule mzizi. Trela alijilaumu kwa upepo. Nilishangaa kusikia watu hawa wakigombania kosa, kwa sababu kwa kawaida tunagombania sifa.

Wiki moja baadaye Tryphena alikuja na mayai machache kwenye kikapu chenye kitambaa kilichopashwa moto. Kibandani kwa Spoki ni giza ukishusha gunia la mlangoni, tukabanana humo sote, Signo na birika lake pia. Tryphena akaweka yai juu ya tochi ya simu.

Yai liliwaka jekundu kama jicho la taa. Ndani yake kulikuwa na mishipa myembamba imetawanyika kama mizizi, na katikati doa jeusi dogo.

— Hilo doa limekufa? Spoki akanong'ona.

— Angalia.

Doa likaruka. Likatulia, likaruka tena.

— Linacheza, akasema Trela, na sauti yake haikuwa ya mtu wa malori. Jamani, linacheza lenyewe.

Tryphena akanipa simu. Nikamshikia. Alikuwa analia bila sauti, akalichukua la pili, likaruka nalo, na la tatu. La nne lilikuwa na ile pete ya damu. Aliliweka kando, akachukua la tano. Signo alisema nje kuna watu wanangoja kahawa, lakini yeye mwenyewe hakutoka.

Yakaanguliwa. Siyo yote, kuna yaliyokufa, na kuna kifaranga aliyetoboa ganda akachoka. Lakini boksi lilijaa, na kelele zake zilisikika mpaka sokoni. Siku ya kuwarudisha, Mama Wakesho alikuja mwenyewe mjini. Ni mama mrefu, mkimya, amejifunga leso mbili. Tulimpa nafasi kwenye benchi na Signo akammiminia kahawa kabla hata hajasema neno, jambo ambalo sijawahi kuliona. Alifungua boksi kidogo, akatazama. Walikuwepo wenye madoa.

Sisi tulikuwa tayari na maelezo yetu. Spoki alimweleza keria. Trela alimweleza upepo. Mimi nilimwonyesha uzi. Aliitikia kwa adabu, eeh, eeh, mpaka tukamaliza.

— Ahsanteni wanangu, akasema. Sasa mimi nina swali moja. Yule kuku wangu amerudi kukaa kwenye kiota. Hana yai hata moja, anakalia majani tu, akikaribiwa anadonoa. Nikimwekea hawa leo jioni, atawakubali?

Tukamwangalia. Yeye alingoja, kikombe kimetulia kwenye goti. Mimi nilianza kusema kitu juu ya sponji, nikaacha. Signo, mkubwa wetu wote, akakuna ndevu.

— Mama, kusema kweli, hatujui.

— Mimi pia sijui, akasema Tryphena. Kwa mashine kila kitu kina kitufe. Twende tukaone.

Walifunga boksi kwenye keria. Tryphena akazungusha kidude mara moja, kwa kuwa mzigo sasa ulikuwa mwepesi, na Mama Wakesho akakaa nyuma ya bodaboda iliyowafuata polepole, macho yake kwenye lile boksi.

Jioni hiyo hakuna aliyeenda nyumbani mapema. Simu yangu ilikuwa juu ya benchi, kati yetu. Ilipolia, nilibonyeza spika, tukainama.

— Tumemwekea wawili chini ya ubawa, Tryphena alisema kwa mnong'ono. Kaeni kimya msikie.

Tukasikia majani. Tukasikia vifaranga, kwa sauti ya juu, haraka haraka. Halafu sauti nzito ya kuku, kruu, ikakatika. Kruu tena, ndefu kidogo.

— Hiyo ni ndiyo ama ni hapana? Trela akauliza, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue, alikuwa anataka kujua kweli.

Kule upande wa pili vifaranga walikuwa wananyamaza mmoja mmoja, na kuku akaendelea na ile sauti yake ya chini, bila kukoma sasa. Kisha tukamsikia Mama Wakesho akicheka, taratibu, kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto.

— Leta wengine, alimwambia Tryphena. Leta wote.